Mfuko wa Darasa la Sita

Kolwezi, 24 Novemba 2024

Kwako Tata Mwalimu Ngeleka,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya wiki hii. Umeamkaje huko Mutshatsha? Mgongo unasemaje? Na kile kifua? Sisi hapa ni wazima, tena wazima wa kupita kiasi. Ungetuona ungetuamuru kupiga magoti mbele ya ubao kwa kucheka ovyo.

Naandika kwa sababu simu yako haiiti tangu Septemba, na tata Kisimba, yule wa lori la makala, makaa ya kupikia, amekubali kuwa posta yetu. Kusema kweli, kalamu inanipa ujasiri. Mbele yako mkwe anatakiwa kuinamisha macho na kunyamaza. Karatasi haina macho, basi nitasema: asante kwa kumzaa Symphorien! Tumeoana Agosti, na bado nikisikia pikipiki yake ikizimika mlangoni moyo unaruka kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka. Yeye ananuka mafuta ya gereji, mimi nanuka chaki, tunakaa kizingitini tunakula karanga kutoka mkono mmoja. Jana alinipigia pasi gauni la kazi huku akiimba. Jirani akapaza sauti:

"Madame, ule bwana ulimutoa wapi? Kama kuko mwingine, uniambie!"

"Alikuwa dawati la nyuma yangu, Mutshatsha," nikamjibu. "Alikuwa ananivuta nywele. Mwalimu alimuona, akanyamaza."

Ulinyamaza kweli, Tata. Leo nakushukuru kwa hilo pia.

Mwaka unaisha na mawazo yangu yanarudi kwenye darasa lako kando ya reli. Mimi ndiye mwalimu wa la sita sasa, ninao watoto zaidi ya sitini. Mgodi ukilipua mchana, madirisha yanatetemeka na chaki inaruka mstari. Unakumbuka mfuko? Siku ya mwisho kabla ya Noeli uliutundika kando ya ubao. Kila mtoto alikuja na mkono umefumbwa, akauingiza mfukoni hadi kwenye kiwiko, akautoa. Mwenye unga kwao alitia konzi ya unga. Asiye nao aliingiza mkono mtupu, umefumbwa vilevile, na hakuna aliyejua. Kisha marehemu mama yake Symphorien akasonga bukari, tukala wote.

Mkono wangu ulikuwa mtupu, Tata. Leo naweza kukuambia. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Mwaka huu nataka kuutundika mfuko huo hapa Kolwezi. Na nina ombi: njoo ule nasi Bonana ya mwaka mpya. Chumba kidogo kiko tayari, nimekitia pazia la njano. Ukipenda, baki moja kwa moja.

Binti yako mwenye furaha,
Mianda

*

Mutshatsha, 3 Desemba 2024

Kwa binti yangu Mianda,

Salamu zako zimefika zikiwa zimepakwa makala, lakini zilisomeka. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, nao ni desturi yake tangu enzi za madaftari. Nafurahi mnacheka. Mama yenu naye alicheka mno mwaka wetu wa kwanza, majirani wakadhani tunatengeneza pombe ndani.

Kuja, sitaweza. Nani atachunga kuku wangu? Na mahindi yamefika magotini, yanataka jicho. Simu imelala tu, nayo ina haki ya kuzeeka. Nina kila kitu hapa. Msihangaike.

Umeniuliza habari za mfuko na umeniamshia mengi. Treni zilipokuwa bado zinapita, nilikuwa nasimamisha somo ili watoto wahesabu mabehewa, na mumeo alikosea kila mara. Mwisho wa mwaka wenzangu walihesabu alama. Mimi nilijiuliza swali moja: je, kuna mtoto anayetoka humu na aibu kubwa kuliko aliyoingia nayo? Kuna miaka jibu lilininyima usingizi. Jiulize na wewe.

Sheria ya mfuko ni hii: mwalimu aanze. Awe wa kwanza kuingiza mkono, umefumbwa, watoto wote wakimtazama. Wakiuona wako hawataogopa wa kwao. Na ukoko wa sufuria ni wa mwalimu. Safari hii ule wewe kwa niaba yangu, unajua nilivyoupenda.

Mwambie mumeo akaze boliti za watu vizuri.

Tata yako,
Ngeleka

*

Kolwezi, 21 Desemba 2024

Kwako Tata,

Salamu za moto kama bukari ya jana! Mwili unaendeleaje? Huku tunalala na kuamka salama, na mimi tangu jana nacheka na kulia kwa zamu.

Tumeutundika, Tata. Nilianza mimi, kama ulivyosema. Darasa zima likanitazama mkono. Wakapita mmoja mmoja. Nina msichana anaitwa Jémima, anaosha mawe ya mgodi mtoni na mama yake, siku nyingine haonekani darasani wiki nzima. Alikuja na mkono ameukaza hadi mishipa imesimama. Akauingiza, akautoa, akarudi kwenye dawati akitembea kama askari wa gwaride. Baadaye akaniuliza:

"Madame, na weye ulitia?"

"Mkono wa mwalimu hauulizwi."

"Mi najua ulitia. Weye uko munene, mukono yako haiwezi kuwa mutupu."

Darasa likacheka, nami nikacheka kuliko wote. Tulikula bukari na majani ya sombe mpaka wakaanza kulala juu ya madawati. Ukoko niliutafuna kwa niaba yako. Mgumu!

Jioni nilimsimulia Symphorien, nikimwigiza Jémima. Nilidhani atacheka. Aliweka kikombe chini, akasema: "Mianda, mukono ya Tata ndiyo ilikuwaka mutupu."

Nikamwambia asitanie. Akaniambia kwamba miaka ile mishahara ilipopotea njiani, nyumbani kwenu hapakuwa na unga hata wa kupaka sufuria. Mama alisonga unga wa watoto wa watu. Nawe ulikataa kugusa bukari yenyewe, ukasema unapenda ukoko, ili sisi tushibe.

Tata, niliona! Nilikuwa dawati la mbele. Nilikuona ukikwangua sufuria na kusema "aa, tamu," na nikadhani watu wazima wana ulimi wa ajabu.

Leo asubuhi tata Kisimba alipopita kuuliza kama kuna barua, nikamuuliza kuku wako wanaendeleaje.

"Kuku gani, Madame?" akasema. "Mi napaki pale kila safari. Sijasikia ata jogoo moya. Na lile shamba ni majani tu."

Mkwe hasemi hivi kwa babamkwe, najua. Lakini mwanafunzi wako anasema: hii "nina kila kitu" yako ni mkono uliofumbwa. Nakuomba uufumbue. Sisi si darasa.

Binti yako,
Mianda

*

Kolwezi, 28 Desemba 2024

Kwako Tata,

Salamu, na leo nauliza hali yako kwa kweli, si kwa desturi. Umekula? Umelala?

Lori limerudi bila barua. Kisimba anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani na kufunga mlango. Basi Noeli yangu imepita na jiwe kifuani. Symphorien ananiambia, "Muache, mwanaume mzee ana haya yake," halafu nikigeuka namuona anapanguza pazia la njano kana kwamba lina vumbi.

Alitaka kukupakilia gunia la unga. Nikamkatalia. Ukitumiwa mfuko uliojaa utawagawia majirani wote, kisha utaandika kwamba una kila kitu. Kwa hiyo nakutumia mfuko wa darasa, mtupu, nimeufua mwenyewe. Ingiza mkono wako, Tata, na unirudishie chochote kilichomo.

Sheria inasema mwalimu aanze. Naanza.

Mkono wangu huu hapa, wazi. Nina mume ninayempenda mpaka nasahau chumvi kwenye mboga. Lakini Januari inanitisha. Najua kuna madawati yatakayobaki matupu, na la Jémima huenda likawa la kwanza, kwa sababu siku ya kufunga mama yake hakuja kuchukua alama. Najiuliza lile swali lako la aibu kila siku. Jioni nafuta ubao na hakuna wa kuniambia kama nimefundisha vizuri au nimepiga kelele tu. Symphorien ananiambia najua kila kitu, lakini yeye ananipenda, si shahidi mzuri. Mume ninaye. Mwalimu sina.

Tumaini langu la mwaka mpya ni hilo moja. Si kwamba nakuonea huruma. Nakuhitaji.

Binti yako,
Mianda

*

Mutshatsha, 30 Desemba 2024

Kwa binti yangu Mianda,

Salamu. Barua hii haina posta, nitaibeba mwenyewe. Nitakupa kabla hatujashikana mikono, maana mdomo wangu haujazoea maneno haya.

Mfuko umefika. Nimeingiza mkono, nimeutoa, nimeufumbua: hakuna kitu. Kuku niliwauza kifua kiliponishika, na simu ikawafuata. Mwezi wa kumi nilisimama shambani na jembe, jembe likanishinda, nikarudi ndani kwa mlango wa nyuma ili majirani wasinione. Umri wangu wote nimewafundisha watoto kwamba mkono mtupu si aibu. Mimi mwenyewe sikulisoma somo langu.

Barua yako ya kwanza ya kuniuliza ilinikasirisha. Nisamehe. Hii ya pili ilikuwa na darasa ndani yake, na darasa linalotisha nalifahamu kuliko ninavyofahamu njia ya kwangu. Kwa mama Jémima tutakwenda wote wawili kabla ya kengele ya kwanza. Mzee akibisha hodi na mvua inanyesha, hafukuzwi. Na nitakaa dawati la nyuma nikusikilize. Ukipiga kelele tu, nitakuambia.

Kisimba anaondoka kesho alfajiri, ameniwekea nafasi mbele. Mfuko nimeukunja ndani ya koti.

Neno la mwisho. Najua siku ya Bonana utataka kuniheshimu, utakwangua sufuria na kunipakulia ukoko. Usiniwekee, binti yangu. Sijawahi kuupenda.

Tata yako,
Ngeleka