Kifuniko cha bia na masomo ya Kindu

Jumatatu, Kasongo. Mvua imekatika, njia bado inateleza, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Baba mudogo anauza mawese, na ndiye anayetusomesha tangu baba afariki. Ana uwezo wa kumpeleka mmoja tu chuo kikuu Kindu: mimi au kaka yangu Faustin. Sote tuna diplome ya sekondari. Jana aliamua turushe kitu, bahati ichague. Sarafu hatuna, pesa zetu zote ni karatasi, basi akaokota kifuniko cha chupa ya bia. Kirushwe mara tano. Upande utakaotokea mara tatu au zaidi unashinda. Mwanaume achague kwanza, akasema, msichana afuate. Faustin akachagua meno juu, yaani ule ukingo wa kifuniko wenye meno, mimi nikabakiwa na mgongo; akashinda.

"Usinune, mama," baba mudogo akaniambia. "Pande ziko mbili tu. Iko sawasawa."

Nikaokota kifuniko, nikakitia mfukoni.

Leo nimekirusha mwenyewe mara mia. Meno yametokea juu mara sitini. Pande mbili, ndiyo. Sawasawa, hapana.

Kwa ambaye hajawahi kufanya hesabu hii: kurusha mara tano kunaweza kwenda kwa njia thelathini na mbili. Njia kumi zina meno mara tatu, tano zina meno mara nne, moja ina meno mara zote. Jumla kumi na sita. Kwa kifuniko cha haki, ni nusu kamili.

Lakini chetu kina 0,6 kwa meno na 0,4 kwa mgongo. Njia moja ya meno mara tatu ni 0,6 × 0,6 × 0,6 × 0,4 × 0,4. Zidisha kwa zile njia kumi: 0,346. Meno mara nne, kwa hesabu hiyo hiyo: 0,259. Mara tano: 0,078. Jumlisha: 0,683.

Karibu saba kwa kumi, kabla kifuniko hakijaruka.

Na wananiambia nisinune.

Jioni niliwakuta wanakula. Hesabu sikuitaja. Niliomba tu turushe tena, kifuniko kile kile, safari hii mimi nichukue meno.

Faustin akaacha kula. "Hapana. Meno ni yangu."

"Kwa nini?" baba mudogo akamuuliza. "Si iko sawasawa?"

Faustin akaivuta sahani yake karibu. Baba mudogo akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akasema kesho nimweleze kilichonisumbua.

Nitaeleza. Ila najiuliza: kwa nini Faustin alihitaji kuchagua tu, na mimi kurusha mara mia?