Chifu wa Sketi ya Majani

Jumapili, Spånga, Uswidi. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko wingu.

Juzijuzi binti yangu Neema alinipigia: "Baba, Jumamosi njoo, Lasse anafanya sherehe ya tiki." Sisi tulioishia darasa la nne, tiki ni ile alama ya mwalimu ukipata jibu. Nikajua mkwe wangu kafaulu mtihani. Nikavaa suti na tai, nikamnunulia kalamu nzuri.

Jana nafika, sebule imejaa majani ya plastiki! Watu wazima, vipara vinang'aa, wamevaa mashati ya maua, wananyonya ramu kwa mirija kutoka kwenye vikombe vyenye sura za miungu iliyokenua meno. Vikombe Lasse karithi kwa babu yake. Lasse kanieleza kwa fahari: baada ya vita kuu ya pili Wamarekani walijitengenezea visiwa vya Pasifiki ndani ya baa, wakaziita baa za tiki, na wazimu ule ukafika hadi huku kwenye theluji.

Visiwa vina wenyewe. Sikumwona hata mmoja.

Nilichukia, sifichi. Miungu ya watu unaichomeka kipande cha nanasi kichwani! Hebu mimi ninywee chai kwenye fuvu la askofu wao, tuone.

Mara Lasse huyo, kashika sketi ya majani. "Baba, wewe chifu wetu! Vaa, piga ngoma."

"Mkwe wangu," nikamwambia, "mimi mtu wa Tanga. Chifu wangu wa mwisho alikuwa nyapara wa kiwanda cha malori Södertälje, naye hakuvaa sketi."

Neema akanivuta jikoni. "Baba, nakuomba. Usiniaibishe mbele ya wakwe zangu. Dakika tano tu."

Hapo utani ukaniisha. Nimevaa ovaroli nusu ya maisha yangu ili huyu mtoto asiwe kituko katika nchi hii. Sasa anataka kituko niwe mimi.

Nikaichukua ile sketi, nikarudi sebuleni, nikamfunga Lasse kiunoni juu ya suruali yake. "Chifu ni mwenye nyumba! Mpigieni makofi!"

Wageni wakaangua kicheko. Lasse akawa mwekundu kama nyanya.

Neema hakucheka.

Kila Jumapili hunipigia akitoka kanisani. Leo kimya, na chai yangu imepoa. Basi nitapiga mimi, jioni hii hii. Kwa Lasse nitaomba radhi, kidogo. Kwa Neema nina swali moja tu: mwanangu, pale jikoni ulikuwa unawaonea aibu wao, au mimi?

Na akijibu kweli, nitaweza kusikia?