Herufi ya Tiketi Yako

Kozhikode, Jumapili

Ashkar, mume wangu,

Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua. Mvua zimeanza.

Jana ulipopiga simu ofisini kutoka huko Houston, wateja walikuwa wamejaa, sikuweza kusema ya moyoni. Ulitaka nikukatie tiketi ya daraja la biashara, herufi J, kama kawaida. Nikakueleza kwamba J na P ni kiti kilekile kinacholazwa kama kitanda, na chakula kilekile. Ila ya J unasogeza tarehe upendavyo; ya P ukishakata, umekata. Umeshasogeza mara tatu, Ashkar. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshapaka hina.

Mama yako alikuwa ameniambia, "Mkatie hiyo isiyosogezwa! Akikataa, tujue moja."

Nikakuuliza, "J au P?" Ukasema polepole, "P, Sajna. Kata P."

Niliikata papo hapo, nikaenda kujifungia stoo, nikalia. Mwenzangu Biju akagonga mlango: "Dada, kulikoni?"

"Mume wangu anakuja," nikamjibu.

Kwa mara ya kwanza sikuongeza "labda".

Mkeo anayekungoja,
Sajna