Dawa ya Sara ni ya Sara

Mkwe wangu Neema,

Tangu ulipomfuata mume wako huko Mpanda na kunichukulia mjukuu wangu Sara, nyumba hii ya Buzebazeba imepata utulivu ambao sikuuomba. Asubuhi bado natega sikio nikusikie ukitikisa ile chupa, ingawa Sara alikwishapona zamani.

Unakumbuka usaha ulivyomtoka sikioni, na homa ilivyompanda hadi akakataa uji. Zahanati walimpima uzito kwanza, kisha wakakupa dawa ya unga ndani ya chupa. Ulichemsha maji, ukayaacha yapoe, ukayatia hadi kwenye mstari, ukatikisa. Kila asubuhi na kila jioni ulivuta kipimo kwa bomba dogo la plastiki, ukaliinua usawa wa macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kijiko hukutaka hata kukiona. "Vijiko vya nyumba hii kila kimoja na ukubwa wake, baba," ulisema, nami niliyefundisha hesabu maisha yangu yote nilifurahi mno.

Homa ilishuka mapema. Sara akaanza kukimbiza kuku, na dawa ilikuwa bado ipo. Ndipo akaja jirani yetu Mama Shabani, mbio mbio, maana alikuwa ameanika uani dagaa aliowanunua Kibirizi na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Shabani wake alikuwa analia sikio tangu alfajiri. Akasema wako keshapona, basi ummiminie iliyobaki.

Mtaani kwetu mtu hanyimwi. Chumvi, kaa la moto, mwiko, vyote vinapita ukuta kwa ukuta. Nawe ulikuwa mgeni kutoka Kalinzi, hujazoeleka. Nilikuona umeikumbatia chupa kifuani.

"Dada, chumvi nitakupa, unga nitakupa. Dawa ya Sara ni ya Sara, na kazi yake haijaisha."

Ulisema kweli. Homa ikishuka, vijidudu vilivyokufa ni vile dhaifu. Vilivyo sugu vingali ndani, vinangoja tuache dawa njiani ndipo viinuke tena. Ningependa kumweleza hayo Mama Shabani, lakini hakutaka somo. Alitoka akisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu, kwamba huyu wa Kalinzi ameshuka na ubahili wa milimani.

Mwingine angefunga mlango. Wewe ulijifunga kanga, ukamfuata, ukambeba Shabani mgongoni kumpeleka zahanati. Dagaa, ukasema, baba atawaangalia. Basi mwalimu mstaafu akashika fimbo kuwafukuza kunguru, na matone yalipoanza nikawazoa dagaa kwa ungo, nusu yao pamoja na mchanga.

Mliporudi, Mama Shabani hakuuliza hata habari za dagaa wake. Baadaye alinisimulia mwenyewe. Mtabibu alimwuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru mtoto, naye akakumbuka: alipokuwa mchanga, Shabani alipewa dawa akavimba uso na kuhema kwa shida. Walipochunguza, ilikuwa ya jamii ileile ya chupa ya Sara. Akaandikiwa nyingine, kwa uzito wake yeye.

Hukumkumbusha yale maneno ya ubahili hata siku moja. Kila jioni ulipaza sauti tu juu ya ukuta kumwuliza kama keshampa mtoto dawa, mpaka dozi ikaisha.

Neema, nimewajua watu wengi waliosoma, na wengi wakarimu. Sikuwahi kumwona mtu akinyima kwa upendo mkubwa namna ile.

Shabani anasikia vizuri. Nikimwita kwa sauti ya chini anageuka. Na wiki iliyopita nilimsikia mama yake uani kwake. Mpangaji mpya alikuwa amekuja kuomba dawa ya sikio iliyobaki.

"Dawa ya Sara ni ya Sara," Mama Shabani akamjibu. "Jifunge kanga, nikupeleke."

Yule mgeni hamjui Sara ni nani. Lakini walitoka pamoja.

Mbusu mjukuu wangu, kwenye sikio lilelile.

Baba mkwe wako