Jeshi Kwenye Kitambaa ya Kiti

Jumatatu, 4 Machi 1991
Mtaa yetu yote ya Manyatta wanasema hii hadithi vibaya. Eti nakusanya sahihi za maofisa niuze. Uongo. Nakusanya kwa sababu Kisumu nzima hakuna mwingine anayo.

Leo nimetandika tena kitambaa ya kiti kirefu. Ni maofisa wa ile vita ya Uganda, waliokimbilia huku. Wanaandika na biro, halafu bibi yangu, Mama Atieno, anashona juu na uzi nyekundu. Ukikaa kwangu unaegemea jeshi. Hata DC, mkubwa wa wilaya, hana kiti kama hiyo.

Amebaki Kapteni, yule anauza viatu ya mitumba soko ya Mamboleo.

Jumatano, 6 Machi
Kapteni amekataa. Ameona jina ya Meja, fundi wa baiskeli hapa kwetu. Kwa vita Meja alikuwa upande wa serikali, yeye Kapteni msituni na waasi.

"Mzee, watu wake walichoma nyumba ya mama yangu. Siwezi lala na yeye kitambaa moja."

"Omera, ndugu yangu," nikamwambia, "mimi na bibi yangu tunagombana kila siku na tunalala kitanda moja."

Hakucheka.

Alhamisi, 7 Machi
Mwenye ploti, yule tunamlipa kodi ya nyumba, amesikia. Anasema hao wawili wakikutana kwangu damu itamwagika. Nitoe kitambaa ama nihame.

Mimi nihame? Niliingia hapa kabla aote ndevu. Nimefua kitambaa, nimeianika mbele ya mlango yake. Halafu nimeita Meja na Kapteni chai. Kila mmoja nimemwambia mwenzake anakuja. Nani ataogopa?

Jumamosi, 9 Machi
Wote wamekuja. Mwenye ploti pia, na rungu. Nikampa chai ya moto, ikabidi rungu aweke chini.

Halafu Meja akasema: "Nyumba ya mama yako. Ni mimi nilisema ichomwe."

"Najua," Kapteni akasema. Akaomba biro.

Sasa kitambaa lazima mtu aivute huku na huku, kama sivyo biro inakwama. Mama Atieno yuko soko. Mikono yangu inatetemeka, ya uzee, si ya woga. Meja akavuta. Kapteni akaandika. Hapo Meja akasimama, akapiga saluti mpaka vikombe ikaruka.

Mwenye ploti akachukua rungu yake akaenda. Sihami.

Jumapili, 10 Machi
Mvua. Sijaenda kanisa. Uzi nyekundu imeisha, Mama Atieno anashona jina ya Kapteni na kijani.

Ile saluti ya jana niliongeza mimi. Meja hakusimama. Alishika tu kitambaa, mpaka wino ikakauka.