Jumba la mawe la kaka Owori

Petta, Jumapili

Eti dohani ya kutolea moshi! Kaka Owori aliona nyumba ya mawe huko mashambani Uingereza, akaja kuijenga hapa kwetu: kuta nene kama za jela, vidirisha vya kuchungulia, na sebuleni mahali pa kuotea moto. Joto hili lote, tuote moto wa nini?

Leo amewaonyesha wazazi chumba chao, kando ya chumba chake na mkewe. Baba akarudi nyuma.

"We Owori, mimi nilale nyumba moja na mke wako? Nani amekuloga?"

Kwetu hilo ni mwiko, hata mtoto wa nasari anajua. Msomi wetu tu ndiye kasahau.

Sasa mvua inanyesha. Jumba zima la mawe, na Mama yuko kwenye kibanda chake cha zamani, anakinga matone kwa sufuria.