Mazoezi ya Mei Mosi

Jumatatu, 10 Machi 1975

Leo nimeaibika. Mganga wa zahanati kanibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale. Akauliza kazi yangu. Nikasema niko posta, kwenye switchibodi, naunganisha simu za watu. Kutwa nzima umekaa? Ndiyo. Unainuka saa ngapi? Nikacheka. Yeye hakucheka. Presha imeanza kupanda, kasema, na umri wako bado mdogo. Tembea, kimbia, ruka kamba, fanya lolote lakini usikae.

Haya — lini? Asubuhi ni maji na uji wa watoto. Mchana ni waya. Jioni ni kuni na kusonga huu unga wa njano wa msaada ambao hata mwanangu Generoza anausukuma pembeni. Mume wangu Donatus yuko safarini na lori la mahindi, hajulikani atarudi lini. Jumamosi kufua, Jumapili kanisani.

Imebaki alfajiri. Lakini mwanamke peke yake anakimbia njiani gizani — watasema nini! Nitamwomba Febronia. Naye kazi yake ni kukaa tu, pale dirishani kwenye stempu na telegramu.

Jumatano, 12 Machi

Tumekimbia! Kutoka kwangu Nyasubi mpaka kwenye miembe ya barabara ya Ushirombo na kurudi. Kusema kweli tumekimbia kidogo na kutembea sana. Febronia kavaa raba za mume wake, Mwalimu Apolinari, kazijaza vitambaa mbele. Mimi nimefunga khanga juu ya sketi.

Tukapishana na kina mama wanaokwenda shamba na majembe begani. Mmoja akasimama kabisa, akatusalimu kwa Kisukuma: Mwangaluka! Mwizi kapita wapi? Febronia akamjibu, hakuna mwizi, mayu, mama yetu, tunakimbiza unene. Yule mama akatutazama kuanzia chini mpaka juu, akasema kama tuna nguvu za kumwaga hivyo twende kwake tukapalilie. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Miguu inauma. Nimefurahi.

Jumanne, 18 Machi

Bwana Ngassa, mkuu wetu wa posta, katukusanya. Mei Mosi kutakuwa na netiboli ya wanawake wafanyakazi, posta na hospitali. Kasema hospitali wanatudharau, eti sisi kazi yetu kulamba stempu. Mazoezi Jumanne na Alhamisi, uwanja wa shule, tukitoka kazini. Mimi ndiye kapteni kwa sababu nilicheza nikiwa shule kwa masista.

Kwa hiyo sasa wiki yangu: alfajiri tatu za kukimbia, jioni mbili za mpira. Nani angeamini?

Febronia ana shabaha. Anatupa mpira kama anaweka kitu kabatini.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka.

Donatus yuko nyumbani. Tumekula kuku. Kasema nimepungua — halafu akarekebisha haraka, siyo vibaya, umependeza. Gauni la kijani limefunga zipu bila kuvuta pumzi.

Febronia hakutoka kukimbia wiki hii yote. Mara kichwa, mara nguo za kufua. Kanisani alikaa nyuma.

Alhamisi, 3 Aprili

Jioni hakuja mazoezini. Tulikuwa sita, netiboli gani ya watu sita?

Mchana alinijia kwenye switchibodi. Kasimama nyuma ya kiti changu, kasema, Skola, nina neno. Wakati huo taa zote zinawaka! Shinyanga, Mwanza, mtu wa ushirika anapiga kelele sikioni. Nikamwonyesha mkono: baadaye. Akangoja kidogo, akaenda. Nilipomaliza dirisha lake lilikuwa na foleni. Basi.

Atakuwa anataka kujitoa kwenye timu. Sitaki kusikia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemkomesha Febronia leo. Wakati wa chai, wote tupo, Bwana Ngassa naye yupo na kikombe chake. Akaanza tena, mwenzenu kesho sitaweza. Nikasema: jamani, huyu anaogopa jasho kama bibi harusi! Hana mtoto wa kumbeba wala wa kumpikia uji, nyumba nzima watu wawili, halafu amechoka kuliko sisi! Ofisi yote ikacheka. Bwana Ngassa alicheka mpaka chai ikamwagika.

Na yeye alicheka. Kidogo. Akasema, haya, kesho nitakuja.

Kumbe dawa yake ndiyo hiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Kaja. Kafunga kuliko wote. Hasemi sana.

Alhamisi, 10 Aprili

Mazoezi mazuri. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja unateleza, lakini tulicheza mpaka jua likazama. Katikati Febronia akashika nguzo ya goli na kuinama. Tumbo, kasema. Nikamwambia ni kichomi, usikae, tembea kitapita. Akatembea. Akazunguka uwanja peke yake, mkono kiunoni. Halafu akaniambia anakwenda nyumbani. Nikasema, haya, Jumanne usichelewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui niandikeje.

Dirisha la stempu limefungwa asubuhi yote. Bwana Ngassa ananuna. Mnamo saa nne taa ya hospitali ikawaka. Sauti ya muuguzi: nipe mkuu wa posta. Nikaunganisha. Inanipasa kutoa kisikilizio sikioni. Sikutoa.

Mfanyakazi wenu Febronia tumemlaza tangu jana. Mimba imetoka. Hatakuja kazini wiki tatu.

Bwana Ngassa akauliza, mimba? Alikuwa na mimba?

Taa nyingine zikawaka, nikaendelea kuunganisha. Nambari tafadhali. Nambari tafadhali. Mtu mmoja akanigombeza kwamba nimempeleka Tabora na yeye anataka Nzega.

Mimba. Na mimi nilimwambia atembee.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Febronia kalala ametazama ukuta. Shavu lake limekuwa rangi ya majivu. Nikasema, Febronia, pole. Hakugeuka. Mama mkwe wake kafika kutoka Ushetu, kakaa sakafuni karibu na kitanda, miguu imejaa vumbi la safari. Akamuuliza Apolinari kwa Kisukuma, lakini nilielewa kila neno: huyu ndiye aliyemkimbiza?

Mwalimu Apolinari akainuka. Alipokea chupa kwa mikono miwili, akanishukuru vizuri, kama ninavyoshukuriwa na mgeni. Kisha akaiweka mbali dirishani.

Miaka sita wameoana. Miaka sita! Na mimi ninayejiita rafiki yake ndiye niliyesema yale mbele ya watu. Hana mtoto wa kumbeba. Nimefungua nyuma nikasoma nilivyoandika Jumatatu. Nilijisifu.

Jumapili, 13 Aprili

Misa nimekwenda, lakini sikuweza kukomunika.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda tena. Kalala au anajifanya kalala. Nikamkuta Justina nje anaanika mashuka. Ni muuguzi, mchezaji wa timu ya hospitali, tulisoma pamoja. Nikamuuliza moja kwa moja: ni mimi?

Justina akasema siyo mbio. Zikitaka kutoka zinatoka, hata mtu akilala kitandani. Nikamwambia ananifariji tu. Akakasirika. Akaangalia kushoto na kulia, akasema kwa sauti ya chini: Skola, hii ni ya tatu. Mbili za kwanza hakukimbia popote.

Ya tatu.

Kumbe mara mbili alikuja kazini akakaa dirishani, akauza stempu, akanisalimia, mimi nikamsimulia habari za meno ya mwanangu. Justina anadhani amenipunguzia mzigo. Sasa ninajua ni neno gani alitaka kuniambia ile siku aliposimama nyuma ya kiti. Na ninajua kwa nini hakusema kwa watu wengine.

Ningegeuka tu. Shinyanga wangengoja.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikimbii tena. Miguu imeanza kuvimba jioni. Donatus kauliza mbona umeacha. Nikamweleza yote. Akasema, hukujua. Ni kweli sikujua. Lakini yale maneno ya kwenye chai yalikuwa mabaya hata kama asingekuwa na mimba. Nikamwambia hivyo. Akasema, hapo sasa sina la kusema.

Ningependa angekuwa nalo.

Bwana Ngassa hataki kusikia kwamba timu ivunjwe. Kamleta binti wa kaunta ya vifurushi achukue nafasi ya Febronia. Kasema nikijitoa na mimi atanihesabu msaliti wa posta. Anatania, lakini hataniwi.

Alhamisi, 1 Mei. Mei Mosi.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikwenda uwanjani nikiwa nimeamua kucheza kwa kutimiza tu. Maandamano, bendera, hotuba ndefu, jua kali. Halafu filimbi. Nikaupata mpira wa kwanza, nikaruka — na mwili ukaitika! Sijawahi kujisikia mwepesi hivyo tangu niolewe. Justina ananikaba, nampita. Watu wanapiga kelele: Posta! Posta! Generoza mwanangu yupo kwenye kamba anarukaruka. Nikapiga kelele na mimi. Nikacheka. Tulikuwa tunaongoza.

Nilimsahau. Hiyo ndiyo kweli. Kwa kipindi kizima nilimsahau Febronia kabisa, kama hajawahi kuzaliwa.

Tukashinda. Bwana Ngassa kavua kofia anaizungusha hewani. Nikageuka kuwapungia watu mkono, nikamwona Mwalimu Apolinari. Alikuwa na wanafunzi wake wa kwaya wamepangwa mstari wakingoja kuimba. Alikuwa ananitazama. Siyo kwa hasira — ningeona hasira ningejua la kufanya. Akageukia wanafunzi akainua mikono, wakaanza kuimba.

Sikunywa soda ya ushindi. Nimerudi nyumbani na raba mkononi.

Jumatatu, 5 Mei

Febronia karudi kazini. Kapungua, kitambaa kichwani. Wote wakaenda dirishani kumpa pole, na mimi nikaenda. Akanipa mkono.

Asante, Mama Generoza.

Mama Generoza! Tangu tufahamiane ananiita Skola.

Ijumaa, 9 Mei

Wiki nzima Mama Generoza. Mama Generoza naomba gundi. Mama Generoza kuna telegramu ya kwenda Geita. Kwa adabu kabisa. Mimi namwita Febronia, na kila nikimwita naona sina jina lingine la kumwita, na hilo nalo linanichoma.

Bwana Ngassa katundika picha ya timu ukutani, juu ya mzani wa vifurushi. Kila mteja anaiona. Nimemwomba aitoe. Kauliza kwa nini, nimeshindwa kumweleza. Imebaki.

Jumanne, 13 Mei

Tulifunga ofisi pamoja leo, wengine wametangulia. Nilidhani ataelekea kwao moja kwa moja. Akauliza, unapita wapi? Nikasema, popote. Akachukua ile njia ndefu ya kuzunguka kiwanja cha ndege, nikamfuata. Tulitembea bega kwa bega. Anatembea polepole sasa. Nami nikapunguza hatua.

Nikaanza: Febronia, ile Alhamisi nilipokuambia utembee —

Akanikatiza. Akasema, tumbo lilianza tangu asubuhi. Ningekaa, ningetembea, yangekuwa yaleyale. Nilikuja mwenyewe, miguu ni yangu. Hilo liache.

Nikashukuru Mungu mapema mno. Maana akaendelea, anaangalia mbele, sauti haikupanda wala kushuka:

"Mimi nakuuliza kitu kingine. Ulinicheka kwa nini mbele ya watu? Wewe, Skola? Wengine nimewazoea."

Nikafungua mdomo. Nikataka kusema nilikuwa natania. Nikataka kusema nilikutaka kwenye timu. Akaniinulia mkono, vilevile nilivyomwinulia mimi ile siku ya simu, sijui kama alikumbuka.

"Usinijibu sasa hivi. Utasema uongo wa haraka. Kesho alfajiri nitapita kwako, tutatembea. Kukimbia bado wamenikataza."

Akakata kwenda kwao. Nilibaki nimesimama pale mpaka mbuzi wa watu wakanipita.

Jumatano, 14 Mei

Nimeamka mapema kuliko siku zote. Naandikia jikoni, moto haujashika.

Nimetafuta jibu. Kwamba nilichoka? Wote huchoka. Kwamba nilitaka Bwana Ngassa acheke? Ni kweli, nilitaka, lakini haitoshi. Kuna lingine chini yake. Mimi nabeba maji, kuni, watoto, na yeye anakuja kazini kapiga pasi, kucha safi, mume anambebea kikapu. Nilimwonea wivu. Febronia! Kwa nyumba ambayo yeye analia ndani yake, mimi nilimwonea wivu.

Huwezi kumwambia mtu hivyo. Nisipomwambia hivyo nitakuwa nimemcheka mara ya pili.

Nje bado giza kidogo. Jogoo wa jirani. Nimevaa raba, nikavua, nikavaa tena.

Hodi.

Donatus anasema kutoka chumbani, Mama Generoza, kuna mtu mlangoni. Nasikia. Anabisha taratibu, hataki kuamsha watoto —